Pai ya pekani: shira ya mahindi ni lazima, na nijueje imeiva katikati?

MamaNaima_Houston

Asalaam aleikum na habari za jioni wapendwa. Naombeni msaada wa jikoni.

Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kimarekani anayetuangalizia watoto wakitoka shule, ametualika kwake Alhamisi ya sikukuu ya Shukrani. Nilipomuuliza nije na nini akasema nisijisumbue. Lakini mie nimelelewa Tanga, siwezi kuingia nyumba ya mtu siku ya karamu mikono mitupu. Najua anapenda pai ya pekani, zile kokwa za mafuta za miti ya huku, kuliko kitu chochote kitamu, na siku hizi ananunua ya dukani kwa sababu mikono inamuuma, hawezi tena kusukuma unga. Nataka nimpelekee ya nyumbani, ile ya kawaida kabisa waliyokulia watu wa hapa, isiyotiwa chokoleti wala malenge.

Keki naoka, mkate wa mayai naoka, visheti ndiyo usiseme. Pai bado. Kwa hiyo nauliza: hiyo shira ya mahindi ni lazima, au asali inatosha? Nitajuaje katikati imeiva bila kuikata? Ganda la unga la kununua linafaa au nikande mwenyewe? Maelekezo mengi niliyoyaona yanataka wiski, na sisi ni Waislamu, kwa hiyo hiyo haipo. Je, pai itapungukiwa? Oveni yangu ni ya gesi, ya nyumba ya kupanga, na inaunguza upande wa nyuma kuliko wa mbele.

BiSwafiya_SanAntonio

Waaleikum salaam, Mama Naima. Mimi mtu wa Mombasa, Texas nimekuja watoto wangu wakiwa wadogo, na pai hii naioka kwa oda kila ikifika Novemba. Acha nikujibu kwa urefu, maana umeuliza mambo yenyewe.

Watu wakisikia pai ya pekani, akili yote huenda kwenye pekani. Mimi nakuambia uanze na mayai, kwa sababu mayai ndiyo yanayoamua kama utakata kipande au utachota kwa kijiko. Kwa sahani ya inchi 9 unatia mayai makubwa 3, sukari kikombe 1, shira ya mahindi kikombe 1, siagi iliyoyeyushwa vijiko 2 vya chakula, vanila kijiko 1 cha chai na pekani kikombe 1 na nusu, yaani kama gramu 170. Mimi natia na chumvi nusu kijiko cha chai, na naomba usiiache, maana bila chumvi utamu wake unakinaisha kabla hujamaliza kipande. Angalia sasa: hamna unga humo, hamna maziwa. Kinachoifanya shira ile isimame ni mayai peke yake, yakipata moto wa kutosha bila haraka. Yakikosa moto, pai inamwagika. Yakizidi, yanakatika, yanatoa maji, na ulimini unasikia chengachenga.

Shira. Wewe mpika visheti unajua kwa nini tunakamulia ndimu shira ya kaimati: ili sukari isirudi kuwa chenga. Shira ya mahindi inafanya kazi hiyohiyo ndani ya pai. Ni glukosi inayotolewa kwenye wanga wa mahindi, na ikichanganyika na sukari ya kawaida inaizuia isijishike pai inapopoa. Ndipo unapopata ule ulaini unaong'aa chini ya pekani. Wengine wanaikimbia wakidhani ni ile ya fruktosi nyingi inayotiwa kwenye soda, lakini hizo ni bidhaa mbili tofauti. Chukua ya rangi nyeupe, ile nyeusi ina ladha nzito inayokaribia ya molasi. Wengine wanaipenda nyeusi, mimi naona inaifunika pekani.

Je, ni lazima? Pai za pekani zilikuwa zikiandikwa magazetini hapa Marekani tangu miaka ya 1880, na Karo, shira ya mahindi maarufu kuliko zote, imeingia madukani mwaka 1902. Kwa hiyo watu walikuwa wakioka bila hiyo. Lakini kampuni ile ilitangaza maelekezo ya pai hii miaka mingi sana, hata wako wazee wa kusini wanaoiita pai ya Karo. Jirani yako kwa umri wake huenda ndiyo aliyokulia, basi mpe hiyo. Asali haikatazwi, ila inatawala. Utaonja asali tu, na pia inabadilika rangi upesi, juu panakuwa peusi na katikati bado mbichi.

Wiski isikutie wasiwasi hata kidogo. Ni nyongeza ya watu, haishikilii chochote ndani ya pai. Ila nikutahadharishe mambo mawili ambayo hayasemwi. La kwanza ni vanila. Vanila ya maji ya asili inayouzwa hapa, kwa kanuni za Marekani, ina kileo kisichopungua asilimia 35. Kama mnaiepuka, ipo ya unga na ipo isiyo na kileo, soma kibandiko. La pili ni hilo ganda la kununua. Geuza boksi usome viungo herufi kwa herufi, ukiona neno «lard» basi ni mafuta ya nguruwe, na yanatumika katika baadhi ya maganda ya pai kwa sababu yanalainisha unga. Yapo ya siagi au ya mafuta ya mboga, lakini lazima uyatafute.

Mimi ningekuambia ukande mwenyewe. Unga wa ngano kikombe 1 na robo, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi baridi gramu 115 iliyokatwa vipande vidogo, na maji ya barafu vijiko 3 au 4 vya chakula. Sasa hapa, dada, sahau chapati. Chapati tunaikanda mpaka unga unakuwa laini na kuvutika. Huu ukiukanda hivyo utakuwa mgumu na utanywea ndani ya oveni. Pikicha siagi na unga kwa ncha za vidole mpaka vipande vya siagi vibaki vya ukubwa wa punje za mbaazi, nyunyiza maji kidogo kidogo, na mara tu unga unaposhikana ukiuminya kiganjani, acha. Ufunge, uweke kwenye friji saa moja. Ukiusukuma baadaye utaona madoa ya siagi yamelala ndani ya unga, meupe-manjano. Usiyaonee haya wala usiyafute. Yale yanayeyuka ndani ya oveni, mvuke wake unainua unga, na hapo ndipo matabaka yanapotoka.

Sukuma hadi inchi 12, ulaze kwenye sahani bila kuuvuta, ukunje kingo, halafu uweke kwenye friza dakika 20. Kisha uoke mtupu kwanza. Tandika karatasi ya kuokea juu yake, jaza maharage makavu mpaka ukingoni ili usivimbe, uweke kwenye moto wa 400 za Fahrenheit kama dakika 20, utoe maharage, urudishe dakika 5 hivi mpaka chini pakauke. Wako wanaomimina shira kwenye ganda bichi, nami sipendi, kwa sababu shira ni nzito na inalowesha chini kabla unga haujaiva. Ukila unakuta ubao wa unga mbichi.

Pekani zikaange kavu kwenye trei ndani ya oveni, 350, dakika 8 hivi. Pua yako ndiyo saa. Harufu ikishajaa jikoni zitoe, zisikae. Mayai yapige kwa uma polepole, usiyatie povu, povu linapanda juu na kufanya utando mkavu. Changanya vyote, tia pekani mwisho, mimina ganda likiwa bado na joto. Zitaelea zenyewe, usihangaike kuzipanga kabla. Ukitaka mapambo, bakiza chache nzima uzilaze juu kwa mduara.

Moto 350, rafu ya chini, sahani juu ya trei iliyokwisha kupata moto. Kwa oveni yako inayounguza nyuma, igeuze nusu mzunguko ikifika nusu ya muda, na kingo zikianza kukoza rangi zizungushie foili. Ganda likiwa limeokwa kwanza, anza kuangalia dakika ya 45, nyingi huchukua kati ya 50 na saa moja.

Na swali lako kubwa la kuiva. Shika trei, itikise kidogo sana. Kingo zitakuwa zimevimba na kusimama, katikati patacheza kwa pamoja bila mawimbi. Ukiona wimbi linatoka katikati kwenda pembeni, bado. Kama una kipimajoto cha jikoni, kidunge katikati: 200 za Fahrenheit, itoe palepale. Kitundu kifichwe na pekani. Halafu iache. Iache kabisa, saa mbili kwa uchache, nne ni bora, kwa sababu inaendelea kusimama inapopoa. Pai nyingi zinazoitwa mbichi zilikuwa zimeiva, zimekatwa tu zikiwa na moto.

MamaNaima_Houston

Bi Swafiya, Mungu akuzidishie. Nimeandika yote. Hilo la mafuta ya nguruwe lingenipita kabisa, nilikuwa tayari nimeweka ganda la boksi kwenye orodha ya sokoni.

Naongeza moja. Pekani zenyewe ninunue zipi? Hapa Houston naziona zimebanguliwa kwenye mifuko, nzima na vipande, na kuna mzee anauza zenye maganda nje ya msikiti wetu. Na ile ndimu yetu ya shira, naweza kutia humu?

BiSwafiya_SanAntonio

Ndimu tia, kijiko 1 cha chai. Bibi za hapa wengine wanatia siki kiasi hichohicho, kwa nia ileile ya kuukata utamu.

Kwa yule mzee, nunua kwake. Pekani mpya inatoka msimu huu huu, na ni mti wa nchi hii hasa, unaota wenyewe kando ya mito ya Texas tangu kabla ya shamba lolote. Mwaka 1919 Texas iliufanya mti rasmi wa jimbo, na 2013 pai yenyewe ikatangazwa pai rasmi ya jimbo. Kwa hiyo unampelekea jirani yako kitu cha kwao kweli. Kwa gramu 170 zilizobanguliwa, nunua zenye maganda ratili moja, zitatosha na za kutafuna wakati unabangua.

Ukibangua angalia kwenye mifereji ya pekani. Kuna utando mwembamba wa kahawia unaobaki humo, mchungu sana. Uchokoe kwa kijiti cha meno. Kipande kimoja chenye utando kinaharibu tonge zima.

Na ukishika kazi hiyo utajua ni kazi. Mji huu wangu wa San Antonio ulikuwa kitovu cha kubangua pekani, kwa mikono, katika vyumba visivyo na hewa, na wengi waliobangua walikuwa wanawake wa asili ya Meksiko wa upande wa magharibi wa mji. Januari 1938 mshahara ulipokatwa, wafanyakazi karibu 12,000 waliacha kazi, na aliyesimama mbele mwanzoni alikuwa binti wa miaka 21, Emma Tenayuca. Walikuwa wanalipwa senti chache kwa ratili. Mimi nikioka oda za watu nawataja hao, na wateja wangu wengi, wazaliwa wa hapahapa, hawakuwa na habari.

MtuWaMbeya_Georgia

Habari zenu. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya pekani huku kusini mwa Georgia, sehemu za Albany, na nataka kuunga mkono la kununua mpya, kwa sababu watu wanapoteza hela hapa.

Pekani karibu asilimia 70 ni mafuta. Mafuta hayo yanachacha. Ile mifuko iliyokaa rafuni tangu mwaka jana, ukiitia kwenye pai, sukari haitaificha. Kabla ya kununua vunja moja. Ndani iwe na rangi ya maziwa na ikatike kwa mlio, ikipinda bila kukatika ina unyevu, ikiwa ya njano iliyokoza na inanuka rangi ya ukuta, acha. Ukishabangua zisipotumika wiki hiyo, zifunge vizuri uziweke friza, zitakaa mwaka mzima na zaidi. Usiziweke karibu na vitunguu, zinavuta harufu.

Dada, usinunue kubwa kwa sababu tu ni kubwa. Zile ndefu za maganda membamba zinapendeza kwenye picha, lakini pekani ndogo za kienyeji za mtoni, kama mzee wako anazo, zina mafuta mengi na ladha yake inashinda. Kazi ya kubangua tu ndiyo inayozidi.

Na kwa kuwa Bi Swafiya amewataja wabanguaji, nami nimtaje Antoine. Pekani ukipanda mbegu haikupi tunda la mama yake, kila mti unatoka na lake, kwa hiyo shamba la pekani haliwezekani bila kubebesha, yaani kupandikiza kikonyo cha mti mzuri kwenye mti mwingine. Mtu aliyeliweza hilo kwa mafanikio mara ya kwanza tunayoijua alikuwa mtumwa mtunza bustani Louisiana, kwenye shamba la Oak Alley, katika miaka ya 1840. Alibebesha miti 16. Pekani ya uzao ule ilioneshwa Philadelphia mwaka 1876, kwenye maonyesho ya miaka 100 ya Marekani, ikapewa jina la Centennial, yaani ya miaka mia. Jina lake la kwanza ndilo pekee lililoandikwa. Mimi nimeshika kisu cha kubebesha, najua gome likichubuliwa vibaya kidogo tu kikonyo kinakufa, na mtu yule aliifanya bila kitabu cha kumfundisha. Kila shamba ninalopita huku namkumbuka.

Wanjiku_Muranga

Salamu kutoka nyumbani. Nafuatilia hii kwa hamu, na naomba nichangie kwa wale tulio huku ambao pekani hatuzioni, na tukiziona kwenye supamaketi kubwa za Nairobi bei inakatisha tamaa.

Kwetu Murang'a makadamia ni ya shambani. Nimeoka pai hii kwa makadamia na imekubali, kwa vipimo vilevile vya Bi Swafiya, lakini mfahamu kwamba ni pai nyingine. Makadamia ni laini na haina ule uchungu mdogo wa pekani unaopambana na sukari. Kwa hiyo mimi napunguza sukari hadi robo tatu ya kikombe na nakaanga makadamia mpaka zikolee rangi. Shira ya mahindi ni nadra huku, natumia shira ya miwa ya rangi ya dhahabu, ile ya kopo inayotoka Uingereza. Nayo haigandi chenga kwa sababu sukari yake imekwisha kuvunjwa nusu. Ila ni tamu zaidi na ina ladha yake, kwa hiyo ndimu usisahau. Msijaribu sukari guru iliyoyeyushwa na maji tu, inarudi chenga.

Dada wa Houston, wewe una pekani mlangoni pa msikiti. Usibadilishe chochote.

MamaNaima_Houston

Nimefurahi sana, nyote. Leo nimenunua kwa yule mzee, ndogo ndogo zenye mistari myeusi kwenye ganda, anasema zimetoka kwenye miti ya mtoni. Nimevunja moja mbele yake kama alivyosema kaka wa Georgia, imelia, ndani nyeupe.

La mwisho kabisa. Alhamisi asubuhi nitakuwa na biriani ya nyumbani kwangu pia. Naweza kuioka Jumatano? Na nitaibeba vipi kwenye gari na watoto?

BiSwafiya_SanAntonio

Ioke Jumatano mchana, na kwa kweli ndiyo ninavyofanya na oda zangu zote, inakatika vizuri zaidi. Ikishapoa kabisa iingize kwenye friji, kwa sababu ni chakula cha mayai, kisilale mezani usiku. Usiifunike ikiwa na joto, mvuke utaulowesha unga wa ukingoni. Friji inaiweka siku tatu nne bila tabu.

Asubuhi itoe saa moja kabla ya kuondoka ili ubaridi uitoke. Tafuta boksi la karatasi lenye kimo cha chini, tandika taulo la jikoni lililoloweshwa kidogo na kukamuliwa, sahani haitateleza. Iweke sakafuni kwenye gari, nyuma ya kiti cha mbele, si kwenye kiti wala mapajani mwa mtoto, viti vimeinama.

Ukifika usikate mwenyewe. Mpe kisu mwenye nyumba, kiwe kirefu, kimechovywa maji ya moto na kufutwa, na akifute kila baada ya kipande. Kipande cha kwanza huwa kigumu kutoka, kwa hiyo muambie akate viwili kabla ya kuinua kimoja. Na kama anapenda, pasheni kipande chake kwenye oveni 300 dakika chache, wengi wa umri wake wanaila na krimu iliyopigwa. Krimu usiitie sukari.